Nampenda mteja wangu wa Masaki, naye anataka kunifungulia duka. Nimwambie au ninyamaze?

Fundi wa Namanga:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kifuani muda mrefu na sina pa kulisemea isipokuwa hapa, maana fundi anayewazungumzia wateja wake mtaani kesho hana kazi. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtu asije akamtambua. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi nguo, miaka 31, mzaliwa wa Morogoro. Ushonaji nilijifunza chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, nikashonea watu Kariakoo kwa muda, sasa nina fremu yangu Msasani, upande wa Namanga. Anayeijua Dar anaelewa palivyo. Kwangu kuna wauza samaki, mafundi pikipiki, na nyumba zimebanana mpaka kanga ya jirani inaning'inia dirishani kwako. Ukitembea kidogo tu kuelekea Masaki unakuta kuta ndefu, nyaya za umeme juu, mlinzi getini, na barabara iliyotulia kama watu wamehama. Kwa hiyo wateja wangu wanatoka pande zote mbili. Mchana nashona sare za shule, jioni linaegeshwa gari ambalo bei yake siwezi hata kuikisia.

Huyu ninayemzungumzia ni wa Masaki. Nitamwita dada tu, ndivyo ninavyomwita hata ana kwa ana. Alikuja mara ya kwanza kwa dharura, zipu ya gauni imefumuka mgongoni na sherehe ni usiku huo huo. Nikamwekea nyingine. Wateja wa aina ile ukishawapa nguo hujitazama mbele, wakageuka kidogo nyuma, wakalipa, wakaondoka. Yeye aliligeuza gauni nje ndani, akaanza kupitisha kidole kwenye mshono. Akaniuliza kwa nini pale nimeshona kwa mkono wakati cherehani ipo. Nikamweleza kwamba ile satini ilikuwa imeshatobolewa na sindano ya mwanzo, na kama ningepitisha mashine juu ya matundu yale yale ingechanika akikaa. Simu yake ilikuwa inaita, yeye ananisikiliza mimi. Tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za upande wa ndani wa nguo. Nadhani niliingia hapo, ingawa nilikuja kujijua baadaye sana.

Sasa niwaeleze mambo ya nguo za kule, maana bila hayo hamtanielewa. Kule gauni likishapigwa picha limekwisha. Picha zikiwekwa mtandaoni Jumapili, hawezi kulivaa tena mbele ya watu wale wale, na watu ni wale wale kila wiki: kichen pati ya huyu, sendofu ya yule, bethidei ya mtoto wa mwaka mmoja yenye mapambo kuliko harusi za kwetu, uzinduzi wa duka la marashi, chakula cha usiku hotelini. Basi ananiletea gauni la mwezi uliopita nilifumue, nilitie mikono mipya, nibadili shingo, nipunguze urefu, lisitambulike. Kuna mahameli moja ya bluu nimeibadili mpaka kitambaa chenyewe kimekataa.

Fundi husoma nguo. Gauni refu la mtu aliyecheza hurudi pindo likiwa jeusi, limekanyagwa na visigino, makwapa yana jasho lililokauka, shanga zimedondoka. La kwake hurudi pindo ni safi. Kilichoharibika ni nyuma tu, mikunjo mikali ya mtu aliyekaa kitini usiku kucha. Saluni, gari, gauni la laki nne, kisha kukaa. Mwanzoni nilidhani labda hapendi kucheza. Siku moja nimewasha redio ofisini kwangu, yeye anasubiri nimalize bitana, akacheza na binti anayejifunza kwangu mpaka wote wawili wakashika magoti wakihema.

Kuna mwanaume. Hajawahi kunitajia jina lake. Amenieleza vipande vipande, kama wanawake wanavyowaeleza mafundi na wasusi. Ni mtu wa kundi lao, anasafiri sana, akiwepo Dar hakosi sherehe. Humsalimia kwa kumbusu shavuni kama anavyowasalimia wote, kisha anahamia meza nyingine. Dada akimtumia meseji, hujibiwa baada ya siku mbili, kwa neno moja. Magauni yote yale, wakuu, ni ya kumfanya mtu huyo ageuke. "Fundi, hili la kijani nataka mtu akiniona asahau alichokuwa anasema," aliniambia juzi. Na mimi ndiye ninayekesha nikipiga hesabu kitambaa kibane wapi na kiachie wapi ili mwanaume mwingine asahau alichokuwa anasema. Nikishona vizuri nimempeleka kwake. Nikishona vibaya nimemwaibisha mbele ya watu wanaosubiri hilo tu. Sijawahi kumshonea vibaya.

Msidhani ananichezea. Hajawahi kunipa neno hata moja la kunitia tumaini. Furaha yake akiwa kwangu ni ya mtu aliyefika mahali anapoweza kuvua viatu, na anavivua kweli, anakaa kwenye benchi la mbao anakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili kwa mkono ule ule wenye kucha za bei mbaya. Wakati wa kuondoka anavaa viatu, anajipulizia marashi harufu ya mafuta iishe, na sura inabadilika kabla mlango wa gari haujafungwa. Nimeiona sura hiyo ikibadilika mara nyingi na sijaizoea.

Tangu nijue moyo wangu umekaaje, sijamgusa na futi. Nilimwambia binti kwamba wanawake wote atakuwa anawapima yeye, mimi naandika namba. Niliona si halali mtu asimame mbele yako na mikono juu akijua ni kazi, na wewe una lako moyoni.

Kuna jambo moja liliniuma. Mteja mwingine wa huko huko alikuja na picha kwenye simu, akitaka gauni kama hilo. Lilikuwa kazi yangu. Nililijua kwa bega, maana mabega nayakata kwa namna yangu. Akasema mwenye gauni amewaambia amelinunua Istanbul, je, nitaweza kuiga? Nikamjibu nitajaribu. Nikaishona kazi yangu mwenyewe mara ya pili kama mwigaji.

Sasa amekuja na pendekezo. Anataka tufungue duka. Fremu kubwa barabara ya Haile Selassie, yeye analipa kodi ya mwaka mzima, ananunua mashine za Juki na ovaloki mpya, mimi naongoza mafundi wanne, faida tunagawana. Lebo ya nguo ni jina lake. Alikuja na karatasi aliyoiandika kwa kalamu, amepiga hesabu mwenyewe, amefuta, amepiga tena. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona akijaribu gauni lolote. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikikubali na kunyamaza, nitakuwa naye kila siku, kwa pesa yake, nikiwa nimemficha jambo kubwa namna hii. Nikimwambia sasa, nani ataamini kwamba ninayemtaka ni yeye na si fremu? Yeye mwenyewe ataamini? Amezungukwa na watu wanaomsogelea kwa ajili ya baba yake, na mimi nitaonekana mmoja wao. Nikikataa bila sababu, nitamharibia jambo pekee nililomwona akilifurahia kweli. Naombeni ushauri. Wanaotaka kucheka, nawaomba wapite tu.

Kijana wa Kimara:

Mkuu, pole sana. Mwambie. Mimi nilikaa na la moyoni chuo kizima, nikisubiri nipate kazi kwanza, nipate chumba kwanza, nipate hiki na kile. Nilichokuja kupata ni kadi ya mchango wa harusi yake. Nikachanga, nikaenda, nikakaa meza ya nyuma. Kukataliwa kunauma lakini kunaisha. Lile la kutojua angesema nini, mpaka leo ninalo, na nina mke na mtoto sasa. Sikutakii.

Mpangaji Sinza:

Mdogo wangu, nitakwambia usichotaka kusikia, na nakwambia kwa mapenzi. Chukua duka, unyamaze.

Mimi ni mtu mzima, nimepanga miaka mingi mji huu. Najua mwenye nyumba anapogonga mlango kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na wewe una ya miwili. Mtu anayekulipia mwaka mzima Masaki na kukupa mafundi wanne chini yako haji mara mbili kwenye maisha ya fundi. Umeandika vizuri sana habari za pindo na mabega, lakini hujaandika una wazazi gani Morogoro na wanakula nini. Mapenzi yasiyorudishwa hupoa ukiyanyima maneno. Njaa haipoi. Dada hajakukosea kitu, anakupa kazi kwa sababu unaiweza kazi. Kwa nini umwadhibu yeye na ujiadhibu wewe kwa jambo ambalo yeye hata halijui? Fanya kazi, jenga, na moyo utajishughulikia.

Mama Ngamiani:

Mwanangu, hujambo. Nami ni fundi, Tanga, tangu cherehani ni za kukanyaga kwa mguu. Nimeshona za maharusi, za mazishi, za wake wenza wawili wanaotaka gauni la siku moja kila mmoja kwa siri. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza, la futi umefanya jambo la heshima kubwa na walio wengi wasingelifanya. Ila usijidanganye kwamba hakuona. Fundi aliyekuwa akikupima mwenyewe, siku moja anampa mwanafunzi futi, yeye anaangalia daftari hainui macho. Mwanamke gani asiyeliona hilo? Ameliona, akanyamaza. Kunyamaza kwake nako ni neno, lisikilize.

Pili, huyo binti anayewapima wanawake wote sasa, unamlipa? Umemwongezea? Kupima ndiyo nusu ya gauni. Namba ikikosewa, hata uwe hodari kiasi gani, nguo imeharibika. Umesimulia ukurasa mzima na yeye amepita kama mwiko wa jikoni. Nataka jibu.

Tatu, lebo. Mpangaji Sinza anasema chukua, na simpuuzi, njaa naijua. Lakini umeshashona kazi yako ukaambiwa ni ya Istanbul. Ukiweka jina la mwenzio shingoni mwa kila nguo, hilo halitakuwa la siku moja tena, litakuwa la kila siku, na utalitia saini kwa mkono wako. Hata kama humpendi kabisa, hilo lifikirie.

La mwisho nakuuliza tu, sikulaumu. Huyu unayempenda umemwona mahali pamoja, kwenye benchi lako, saa zake nzuri. Umemwona akiwa na hasira? Umemwona akimsemesha mtu aliye chini yake?

Fundi wa Namanga:

Mama, shikamoo. Nimesoma yote mara nyingi.

Ndiyo, nimemwona. Siku moja alimfokea dereva wake kwenye simu mbele yangu kwa maneno ambayo mimi nisingemwambia mtu mwenye umri wa baba yangu. Dereva alipofika hakumwomba radhi, alipanda tu wakaenda. Nilikosa usingizi. Na muuza samaki wa jirani yangu, ambaye humpisha kila siku gari lipate kuegeshwa, hajawahi kumsalimia, sio kwa ubaya, ni kama hamwoni. Hayo nimeyaona na nayajua. Sijampenda kwa sababu nadhani hana kasoro. Siku ile ya dereva nilikuwa na hasira naye kama mtu anavyokuwa na hasira na mtu wa kwao, ndipo nikajua limeshanishika.

Binti namlipa, lakini sikuwa nimemwongezea tangu achukue kazi ya kupima. Asante kwa kuniuliza.

Mpangaji, nakusikia kaka. Mama yangu yupo Morogoro, analima, na kila mwezi natuma. Ndiyo maana sikumkatalia dada siku ile ile.

Mtoto wa Oysterbay:

Kaka Fundi, mimi ni mwanamke, nimekulia huko, sasa naishi mbali na Dar. Nyumba yetu ni zile za zamani za Oysterbay, zilizojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya maofisa wake. Ina veranda pana ya kupunga upepo wa bahari. Utotoni ukuta ulikuwa chini, tulikuwa tunamwona anayepita barabarani. Kila miaka michache ukuta uliongezwa, na nilipomaliza shule hata bahari tulikuwa tunaisikia tu. Nasema hivi ili ujue naandika habari za ninakokujua.

Nianze na Istanbul. Mimi nilikuwa nikisema Dubai. Wanaofanya biashara Kariakoo wanakwenda Istanbul na Guangzhou kila siku kufuata mizigo, kwa hiyo ukisema hivyo hakuna anayeshtuka, na hakuna anayeuliza zaidi. Ukisema "fundi wangu wa Msasani", yule wa kwanza atakwambia limependeza, wa pili atauliza bei, na wa tatu atairudia ile bei kwa sauti mezani ukiwa umekwenda kunawa. Sikutetei uongo wake. Ni aibu, na aliona aibu ya kitu kizuri. Lakini alipokuwa anasema Istanbul hakuwa anakufikiria wewe hata kidogo. Najua hilo linauma kuliko kama angekuwa anakudharau.

Kule tulikuwa tunaangaliana kutwa. Ukiingia mahali, kabla hujaketi kila mtu ameshajua viatu vyako ni vya mwaka gani. Lakini nilipofiwa na bibi yangu na nikakonda mpaka pete zikanitoka vidoleni, marafiki zangu waliniuliza natumia chakula gani, na wao wanataka. Aliyeniuliza kama naumwa alikuwa mlinzi wetu. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini anakuja kula mihogo kwenye benchi lako. Umemsikiliza. Nyuma ya kuta zile mtu anaweza kukaa miaka bila kusikilizwa.

Na yule mwanaume wa meza nyingine, nami nilikuwa naye wa kwangu. Nilimpenda miaka. Ni rahisi kumpenda mtu wa namna ile, kwa sababu hakudai kitu. Hakuombi ubadilike, hakuulizi jana ulimfokea nani. Unavaa, unakwenda, unasubiri, na wiki inayofuata una sababu ya kuvaa tena. Ukimwondoa huyo, hebu fikiria anabaki na nini Ijumaa jioni. Hatamwacha kwa sababu ya gauni zuri wala kwa sababu ya fundi mwema.

Sasa nikwambie lile ambalo nadhani unalijua. Je, mtu kama yeye anaweza kumpenda fundi? Anaweza, nimeona. Lakini kwa yote uliyoandika, yeye hajakupenda. Anapumzika kwako. Ukichanganya hayo mawili utaumia miaka mingi, na duka litakuchanganyia kila asubuhi.

Kama utamwambia, na mimi naona umwambie, kataa duka kwanza. Kataa kabisa, siku nyingine kabisa, aone limekataliwa na limekwisha. Halafu ndipo umwambie lingine. Hapo hata akikukatalia hatakuwa na sababu ya kudhani ulikuwa unaifuata fremu, na hata wewe usiku hutajiuliza. Usimwandikie kwenye simu. Meseji kule zinazunguka, utajikuta kwenye kicheko cha watu usiowajua. Wala usimwambie kwenye gari lake. Mwambie hapo hapo ofisini kwako, mlango wazi, ili akitaka kuondoka aondoke.

Mhasibu Dodoma:

Naongeza dogo la kazi, mapenzi wameyasema wengine. Ukija kukubali biashara na yeye au na mtu yeyote, usitegemee karatasi ya kalamu. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na aliyesajiliwa ndiye mwenye jina. Mkataba wa ubia uandikwe na kusainiwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Uonyeshe nani katoa nini, mashine ni za nani mkiachana, na ruwaza ulizozichora wewe zinabaki kwa nani. Mafundi wengi wanajua kushona kuliko wenzao, na kwenye makaratasi hawapo. Hata ukibaki hapo Namanga peke yako, sajili jina lako.

Fundi wa Namanga:

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimerudi kuwaeleza, kwa sababu mlinipa muda wenu.

Nilikataa duka. Alikuja kabla ya mwisho wa mwezi kama alivyosema, nikamwambia, "Dada, nimefikiria, siwezi." Akauliza kama ni mgawanyo wa faida, nikasema hapana. Akauliza kama ni lebo. Nikamwambia lebo imo, ningependa nguo ninayoishona ijulikane imeshonwa na nani. Akaniangalia sana hapo. Nadhani Istanbul ilimjia, lakini hakuitaja na mimi sikuitaja. Akaikunja karatasi yake, akaiweka kwenye mkoba, akasema sawa. Hakuvua viatu siku ile. Mpangaji Sinza, usiku huo nilikuwa nakufikiria wewe, kaka yangu, na kodi ya mwaka mzima. Sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata alikuja kujaribu la kijani. Binti alimsaidia kulivaa, akapima pindo, nikamtuma dukani akanunue uzi. Mlango ulikuwa wazi. Yule dada alikuwa amesimama mbele ya kioo, pini zimejaa kiunoni, na mimi nimesimama mbali kule kwenye meza ya kukatia. Nikamwambia kwamba nampenda, kwamba si jambo la jana, kwamba siombi kitu wala sisubiri kitu, ila nimeona si haki awe anakuja kukaa hapa bila kulijua. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mengi na mazuri kuliko hayo. Yaliyotoka ndiyo hayo.

Alinyamaza mpaka nikasikia pasi inavyolia. Kisha akasema, "Nilijua ulipompa binti futi." Mama Ngamiani, nilikukumbuka hapo hapo. Akasema alinyamaza akidhani litapita, na kwamba alikuwa anaogopa likisemwa hatakuwa na mahali pa kuja. Akalia kidogo, bila sauti, huku ameshikilia gauni lisishuke, maana zipu ilikuwa bado. Akasema, "Fundi, mimi siwezi." Sikumuuliza kwa nini. Ningemuuliza angelazimika kunipa sababu, na sababu yoyote ningeibeba maisha yangu yote. Baadaye akauliza, sauti imeshakuwa ile ya kwenye gari, kama bado nitalimalizia. Nikamwambia nitalimaliza Alhamisi.

Nililimaliza Alhamisi. Nimelishona kama ninavyojua, sikupunguza kitu. Ndani nimeweka bitana ya hariri niliyokuwa nimeitunza, na mishono ya kiunoni yote ni ya mkono. Dereva ndiye aliyekuja kulichukua, yule mzee. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Yule mteja wangu mwingine alikuja Jumanne na picha, kama kawaida yake. Katika picha ile amesimama katikati ya wenzake, wote wameinua videvu kwa namna moja, na mwanaume mmoja pembeni anaangalia simu. Sijui kama ndiye. Gauni limekaa vizuri. Nikaulizwa kama naweza kuliiga. Safari hii nilisema lile ni langu, nimelishona mimi hapa hapa, kwa hiyo sihitaji kuiga, ila simshonei mtu mwingine gauni la mteja wangu. Nikamchorea jingine.

Tangu hapo hajaja mwenyewe. Analeta dereva na mfuko na maelezo kwenye karatasi. Mtoto wa Oysterbay, ulinieleza ukweli na nashukuru. Bado inauma, hasa jioni, na bado nampenda, sitawadanganya kwamba limeisha. Lakini ule mzigo wa kumtazama machoni huku nimeficha, huo umetoka. Kijana wa Kimara, ulisema kweli kwamba afadhali kujua.

Mama Ngamiani, binti nimemwongezea, na kwa kila gauni analolipima sasa anapata sehemu yake mteja anapomalizia kulipa. Ameanza kukata mwenyewe nguo za watoto. Mhasibu, jina la biashara nimelisajili, ni langu. Nilitaka kukuuliza: huo utaratibu wa binti nao niuandike kwa mkataba, au kwa ofisi ndogo kama yangu inatosha tukiuweka kwenye daftari tukasaini wote wawili?